Kijana wangu alificha kitabu nyuma ya gesi: mwongozo kamili wa kumfanya mtoto wa primary apende kusoma

Mwaka jana nilikuwa nafagia jikoni, nikavuta mtungi wa gesi, na nyuma yake nikapata kitabu cha hadithi cha kijana wangu kimejaa vumbi na maganda ya vitunguu. Hakikuanguka huko, kilifichwa. Sasa sikia aibu yenyewe, mimi ni mwalimu, nafunza Gredi ya 2 na ya 3 huku Eastlands, Nairobi, watoto wa watu nawafunza kusoma kila siku halafu wangu mwenyewe wa miaka minane anaficha kitabu kama mlevi anaficha chupa. Nilimuuliza akanyamaza. Siku tatu baadaye tukiwa kwa matatu akaniambia tu hivi, akiangalia nje kwa dirisha, "Baba, ukisema nisome sauti yako inabadilika."

Kusema ukweli hiyo sentensi ilinifunza kuliko semina zote nimewahi kukalia. Watoto wengi tunaosema hawapendi kusoma hawana shida na kitabu, shida ni yule mtu mzima ameketi kando anangoja wakosee. Kwa hivyo yote nitakayoandika hapa, ya nyumbani na ya darasani, yanatoka hapo. Ni ya mtoto wa PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea) hadi Gredi ya 6.

Kwanza jua mtoto ako wapi, bila kumpa mtihani

Usimketishe mezani umpe kitabu umwambie "hebu soma nisikie". Tumia vitu viko njiani. Pakiti ya unga, mkebe wa majani, jina la duka, stika za matatu (hizi watoto wa Nairobi wanazipenda sana, kuna wenye hujifunza kusoma hapo kabla ya shule). Muulize kama mtu ambaye hajaona vizuri, "hapo wameandika aje?" Baada ya siku mbili tatu utakuwa umejua. Kuna yule hajui sauti za herufi. Kuna anayejua herufi lakini kuziunganisha hawezi. Kuna anayeunganisha polepole mpaka anasahau alianzia wapi. Na kuna yule anasoma kama maji lakini ukimuuliza kulitendeka nini anakuangalia tu, na wa mwisho ni kama wangu, anaweza na hataki. Wawili wa kwanza kazi yao kubwa iko hatua ya pili, wa polepole hatua ya tatu, huyu hataki arushwe ya nne na ya tano. Hatua ya kwanza ni ya wote, pamoja na yule anayesoma bila kuelewa, huyo ndo anaihitaji zaidi.

Na angalia macho. Kitabu kikiwa karibu kugusa pua, akikunja jicho moja, akilalamika kichwa kila jioni, mpeleke apimwe kabla ya kumwita mvivu. Nilikuwa na msichana darasani alikuwa ananakili kutoka kwa jirani kila siku, wiki tatu nilidhani ni uvivu, kumbe ubao hauoni. Masikio pia, mtoto mwenye usaha sikioni kila mara hawezi kutofautisha sauti zinazokaribiana.

Hatua ya 1: Msomee. Hata kama ako Gredi ya 5

Hii ndo watu huruka, wanaona ni ya watoto wachanga. Mtoto anayesomewa anajifunza maneno ambayo hayako kwa mazungumzo ya nyumbani, anajifunza hadithi inaanza na kuisha vipi, halafu kubwa zaidi anajua kitabu kina kitu ndani. Huwezi kutamani chapati kama hujawahi kuonja.

Dakika kumi na tano zinatosha. Sisi tunasoma baada ya kula, kabla ya taarifa ya saa moja, na stima zikipotea ndo tamu zaidi, tunawasha tochi ya simu. Kama wewe hutoka kazini saa tatu usiku, dada mkubwa asome, au soma asubuhi ya Jumapili, lakini siku iwe inajulikana.

Anza na "Paukwa!" wajibu "Pakawa!", "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Usidharau hii, mwili wa mtoto unajua kwamba sasa hakuna kuulizwa maswali. Fisi mpe sauti yake, sungura yake, hata kama unaona haya, majirani watazoea. Pitisha kidole chini ya maneno ukisoma ili aone kwamba hiyo stori inatoka kwa zile alama, haitoki kichwani mwako. Ukifika mahali hadithi imeshika kabisa, fisi ameweka mkono kwa sufuria, funga kitabu. "Tutaendelea kesho." Atalia, na wewe usilegee. Mimi hii naiita kukata utamu, na ndo kitu cha kwanza kilichomfanya kijana wangu achukue kitabu mwenyewe asubuhi kabla sijaamka, aone huyo fisi alishikwa ama hakushikwa.

Maswali? Machache, yawe yale hata wewe huna jibu. "Wewe ungemwambia nani?" Usiulize "jina la sungura lilikuwa nani" ju hiyo ni mtihani umevaa nguo za nyumbani.

Hatua ya 2: Kutoka sauti hadi neno

Hapa nitakaa kidogo, ndo kazi yangu.

Kiswahili kina zawadi moja kubwa, kinasomwa vile kimeandikwa. Irabu ni tano, a e i o u, na hazibadiliki. Ndo maana mtoto wa Nairobi ambaye anaongea Kiswahili nyumbani, hata kama ni Sheng, namshauri mzazi aanzie Kiswahili halafu Kizungu kifuate, akishaelewa kwamba herufi ni sauti, hiyo akili anaihamisha. Kizungu kina maneno mengi ya kukariri tu, usimwanzishe na mlima.

Kosa la kwanza la wazazi ni kufunza majina ya herufi badala ya sauti. Mtoto anaambiwa hii ni "em", halafu anaona *mama* anasoma "em-a-em-a", na amefuata sheria yako, hapo hajakosea! Mwambie hii ni "mmm", midomo imefungwa. Hii ni "sss", kama nyoka. Herufi kama t na k zitamke fupi, usimwambie "taa" ndefu yenye mkia wa irabu.

Nunua kalamu ya marka, nenda kwa kioski uombe vifuniko vya soda, wanatupa tu. Osha. Andika silabi, moja kila kifuniko: ma me mi mo mu, ta te ti to tu, ka ke ki ko ku, la le li lo lu. Silabi hizo ishirini peke yake, na ma, ka, ku na la ukiziandika mara mbili, zinakupa *kuku, kiti, moto, lala, kata, tamu, lima, mate, kaka, mama, toka*. Mtoto avisukume mezani na kidole viungane. Usimwambie neno, ngoja alisikie likitoka mdomoni mwake mwenyewe, kuna uso fulani watoto hufanya hapo, nyusi zinapanda halafu anarudia haraka, "ku...ku. Kuku! Kuku!" Mimi nimefunza miaka mingi na bado hiyo sura nikiiona siku yangu imeisha vizuri.

Ongeza familia moja ya silabi kila siku mbili, usikimbize. Dakika kumi kwa siku. Akichoka fungia.

Sasa shida za kwetu:

M inayosimama peke yake. *Mtu, mti, mkate, mtoto.* Watoto wengi hapa Nairobi wanasoma "mutu, muti" ju lugha ya nyumbani, Kikuyu au Kikamba, inasema hivyo. Piga makofi: m-tu, makofi mawili. M-ka-te, matatu. Hiyo m inapata kofi lake lakini haipati irabu.

Lakini mb, nd, nj, nz zimeshikana, hazipati makofi mawili. *Mbuzi* ni mbu-zi, *ndizi* ni ndi-zi. Mtoto akisoma "mu-bu-zi" mwonyeshe kwa midomo yako, anza kama unaguna halafu pasua. Kwa vifuniko andika *mbu* yote kwa kifuniko kimoja.

Ng na ng'. *Ngoma* na *ng'ombe*. Mwambie ile alama ndogo juu ni pembe ya ng'ombe. Hawasahau.

Na ile vita ya r na l, mtoto anasoma *lala* anasema "rara". Hapa watu watanipinga, lakini kama ameelewa ni kulala, mwachie apite. Umekuja kusoma, matamshi yana siku yake. Ukimkatiza kwa kila l hataona hadithi.

Halafu kuna yale maneno marefu yenye hutisha. *Walipomkimbiza.* Mtoto anaona gari la moshi. Chukua kadi, funika lote, fungua silabi moja moja: wa-li-po-m-ki-mbi-za. Mara ya pili fungua haraka. Mara ya tatu toa kadi. Siku nyingine mwonyeshe kwamba ndani ya *anacheza, walicheza, hawatacheza* kuna mtu mmoja tu, *cheza*, amebadilisha koti. Nimekata duara mbili za karatasi ya manila, moja kubwa moja ndogo, nikazishika katikati na pini, ndani kuna cheza, nje kuna a-na, wa-li, ha-wa-ta, unazungusha. Nililipa mkasi na manila tu.

Kama mtoto wako ako shule ya umma, uliza vile vitabu vya Tusome. Hiyo programu iliingia shule za umma kote nchini mwaka wa 2015 na vitabu vimepangwa hivi hivi, sauti, silabi, neno, hadithi fupi. Hata nakala kuukuu iliyotoka kava ni mali.

Hatua ya 3: Asome kama anaongea

Anayesoma neno moja kwa sekunde tano akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo, kwa hivyo haelewi, na asipoelewa hakuna raha. Dawa ni kurudia ukurasa mmoja, lakini kwa ujanja. Jumatatu unasoma sentensi yeye anaifuata kama mwangwi. Jumanne mnasoma pamoja kwa sauti moja, wewe ukipunguza sauti akianza kushika. Jumatano anasoma peke yake. Alhamisi unarekodi.

Kurekodi ndo kila kitu. Mathe yangu ako Nyeri, simu yake inapokea WhatsApp lakini kusoma mesej ndogo ndogo macho hayataki. Basi kijana anamsomea ukurasa kwa voisi, dakika mbili hivi, anamtumia. Mara ya kwanza alirekodi mara saba. Saba! Mtoto aliyeficha kitabu nyuma ya gesi, anafuta anarudia ju amesema "alimwabia" badala ya "alimwambia". Sikumrekebisha hata neno moja, hasikilizwi na mwalimu, anasikilizwa na shosho wake.

Kuhusu kurekebisha, sheria yangu ni hii. Akikwama hesabu hadi tano moyoni. Akibaki hapo, mwambie neno, aendelee. Usimwambie "hebu tulivunje" kila mara, hiyo ni ya hatua ya pili. Akisoma *nyumbani* mahali pameandikwa *nyumba* na maana haijaharibika, jifanye hujasikia.

Hatua ya 4: Vitabu vitatoka wapi

Vitabu vipya ni bei, na tangu 2013 vinatozwa VAT ya 16% kama bidhaa zingine, hasira zangu kuhusu hiyo niziweke kando. Njia nilizotumia mimi:

Inama. Wale wanaoanika vitabu vya mitumba chini kwa pavumenti za tauni, unainama unachambua. Shilingi hamsini, mia, ukinunua vitano unapunguziwa. Shida ni kwamba vingi vimetoka ng'ambo, ni vya Kizungu na vimejaa theluji na watoto wanaolala na dubu wa kitambaa, lakini picha ni nzuri na kwa Gredi ya 4 kuendelea vinafaa. Chagua visivyokatwa kurasa za mwisho, mimi nimeumia hapo.

Maktaba. KNLS (huduma ya maktaba ya taifa) iko na tawi Buruburu na Maktaba Kuu iko Upper Hill. McMillan iko Banda Street, jengo la mwaka wa 1931 lenye simba wa mawe mlangoni, na matawi yake yako Kaloleni na Makadara, yamekarabatiwa yakapendeza. Mpeleke hata kama hamtaazima, apande ngazi awaone wale simba, akae kwa kiti cha saizi yake. Uliza saa za kufungua na ada kabla ya kulipa nauli ya watu watatu.

Simu. African Storybook ni tovuti yenye hadithi za bure kwa Kiswahili, Gikuyu, Kikamba, Dholuo na lugha zingine nyingi, zimepangwa kwa viwango vitano kutoka maneno ya kwanza. Ukiwa na bando kidogo unadaunilodi, au unaenda saiba wanakuprintia kwa rangi nyeusi mtoto anapaka rangi mwenyewe.

Na ya mwisho naipenda kuliko zote, tengeneza. Chukua karatasi nne za A4, kunja katikati, piga stepla kwa mgongo, tayari una kurasa kumi na sita. Mtoto aongee wewe uandike, maneno yake vile yalivyo, sentensi moja kwa ukurasa, yeye achore. Kitabu cha kwanza cha nyumba yetu kinaitwa *Paka wa Soja*: "Paka wa soja aliiba omena ya Mama Brayo. Mama Brayo akamfukuza na mwiko. Paka akapanda tangi. Soja akasema hamjui huyo paka." Hicho kitabu kimesomwa mpaka kimetoka stepla, na hakuna neno ndani yake lililomshinda, ju yote yalitoka kwake.

Hatua ya 5: Achague yeye

Mpe kanuni ya vidole vitano. Afungue ukurasa wowote, kila neno lisilomwingia anakunja kidole. Ngumi ikijaa kabla ya mwisho wa ukurasa, hicho ni cha kusomewa kwa sasa. Akikosa kukunja hata kimoja, ni rahisi, na hakuna ubaya, sisi wenyewe hatusomi vitabu vigumu kila siku.

Akitaka kurudia kitabu kile kile mara ishirini, sawa. Akikiacha katikati, sawa. Akitaka mpira tu, mnunulie Taifa Leo siku moja kwa wiki afungue ukurasa wa michezo, asome nani kafunga nani. Mwenye kupenda kupika asome maelezo nyuma ya pakiti mkitengeneza uji. Vitendawili ni dhahabu kwa wale wa Gredi ya 2 na 3, andika "Nyumba yangu haina mlango" upande mmoja wa kadi, "Yai" upande wa nyuma, atazunguka ploti nzima akitega watu, na kila anayetegwa amesomewa.

Kuna ujanja mmoja wa mtoto mkubwa aliyeachwa nyuma. Mtoto wa Gredi ya 5 asiyesoma vizuri hawezi kushika kitabu cha Gredi ya 1 mbele ya wenzake, afadhali achapwe. Lakini ukimwambia "nisaidie, msomee huyu mdogo wako nikipika," anakishika bila aibu, anafanya mazoezi aliyokosa miaka minne iliyopita, na mdogo anamwona profesa.

Hatua ya 6: Ngazi za ploti

Jumamosi saa tisa, baada ya uniform kufuliwa, natoa katoni ya vitabu kwa ngazi za chini. Walianza watoto wanne, sasa ni kumi na mmoja. Nasoma hadithi moja, halafu kila mtu anachukua kitabu anakaa anapotaka, wengine wawili wawili, halafu nafungua daftari la kuazima, jina, kitabu, nambari ya nyumba. Mwezi wa kwanza kati ya vitabu ishirini na tatu vilipotea sita. Nilitaka kutoza faini, mke wangu akaniuliza kama nataka watoto ama nataka vitabu. Sheria ikawa: ukipoteza kitabu unatengeneza kingine. Katoni sasa ina hadithi za ngazi zetu wenyewe, na hizo ndo huazimwa kwanza.

Vitu vinavyoua haya yote haraka

Kumfanya asome kama adhabu. "Mwenzako wa nyumba ya nane anasoma." Kumlipa kwa kila ukurasa, ju siku pesa ikiisha kitabu nacho kimeisha. Kumcheka mbele ya wageni. Na wewe kukaa kwa simu ukimwambia asome.

Ukifuata haya miezi mitatu minne na mtoto wa Gredi ya 2 kwenda juu bado anasahau herufi za jana, anageuza b na d kila mara, au neno alilosoma mstari wa juu halijui mstari wa chini, usingoje. Ongea na mwalimu, uulize kituo cha EARC kilicho karibu, ni vituo vya serikali vya kupima mahitaji maalum ya watoto katika elimu. Mtoto anaweza kuwa mwerevu kabisa na bado herufi zikamsumbua kwa sababu za ubongo wake, na fimbo haitoi hiyo.

Kijana wangu bado hajamaliza kile kitabu cha nyuma ya gesi, anasema kinaboa, na nilikisoma nikaona ana haki. Lakini wiki iliyopita mathe alinipigia saa kumi na mbili asubuhi, nikashtuka nikadhani kuna matanga. Akasema hajalala vizuri, ati huyo mtoto amemtumia hadithi usiku akaikata fisi akiwa kwa mlango. Niliposema nimwamshe amalizie, kijana akajibu kutoka ndani ya blanketi, "Mwambie kesho."